Kuzitambua stempu za kale za Denmark kwa matundu yake: kipimio kije mwisho

Ziweke sambamba stempu mbili za Denmark za øre 8 (øre ni sarafu ndogo ya huko), zile za rangi ya kijivu na nyekundu zenye tarakimu katikati. Mchoro ni ule ule, na bei iliyoandikwa ni ile ile. Hata hivyo moja yaweza kuwa ya toleo la 1875 na nyenzake ya 1895 au baada ya hapo, na katalogi huzipa namba tofauti. Ukingo ndio unaozitenga: moja ilitobolewa 14 × 13½, nyingine 12¾, yaani idadi ya matundu ndani ya sentimita 2, ya juu na chini kwanza, kisha ya ubavuni.

Mtu akiambiwa hivyo hukimbilia kipimio cha matundu, akaanza kuhesabu matundu ya kila stempu iliyomo kwenye bahasha. Huko ni kujichosha bure. Denmark ilibadilisha sarafu mara moja, mashine za kutoboa mara chache, na karatasi mara chache vilevile, na mabadiliko hayo hayakuja siku moja. Ukisoma sarafu na kutazama pembe kwanza, mara nyingi unabakiwa na majibu mawili tu yanayowezekana. Hapo ndipo kipimio kinapopata kazi yake.

Vya kuwa navyo mezani

Kibano cha stempu chenye ncha bapa, lenzi ya kukuza, rula yenye milimita zinazosomeka vizuri, kipande cha karatasi nyeusi, na kipimio cha matundu. Kipimio cha plastiki angavu chenye mistari inayotanuka kidogo kidogo, kama kile cha Stanley Gibbons kiitwacho Instanta, kinafaa kuliko vya kadi, kwa sababu kinasoma hata sehemu ndogo za tundu. Ukikichapisha kutoka kwenye intaneti, pima kwanza mstari wake wa sentimita 10 kwa rula. Printa nyingi hupunguza ukubwa wa ukurasa kimyakimya, na asilimia 3 tu zinatosha kukuharibia kazi yote.

Stempu iwe kavu kabisa. Iliyotoka kubanduliwa kwenye maji karatasi yake imevimba. Ibanize kwenye kitabu, uipime kesho yake.

Hatua ya 1: Soma sarafu

Stempu za kwanza za Denmark zilitoka mwaka 1851. Ile ya hudhurungi imeandikwa FIRE R.B.S., yaani rigsbankskilling nne, na ilianza kuuzwa tarehe 1 Aprili. Ya buluu ya rigsbankskilling mbili, ya barua za ndani ya Copenhagen, ilifuata mwezi Mei. Kuanzia 1854 ni skilling tupu, zikionyeshwa kwa herufi S. Usihangaike kutafuta neno DANMARK kwenye hizi za mwanzo, halimo. Zile za mraba za 1854 hadi 1858 zina KGL. POST FRM. pamoja na taji, upanga na fimbo ya kifalme ndani ya shada la majani, na huwaponyoka wengi wanaochambua stempu kwa majina ya nchi.

Tarehe 1 Januari 1875 øre ikashika nafasi ya skilling. Rigsdaler moja ilikuwa skilling 96, na ikabadilishwa kwa kroner 2, yaani øre 200. Piga hesabu: skilling 4 ni øre 8 na kidogo. Ndiyo maana barua ya kawaida ya ndani ya nchi iliyokuwa ikilipiwa skilling 4 ikawa inalipiwa øre 8, na ndiyo maana stempu za skilling 4 na za øre 8 ndizo utakazozikuta nyingi kuliko zote. Kwa anayejifunza matundu, hizo ndizo stempu za mazoezi: ni rahisi, na zimejaa.

Ukishasoma sarafu, umepata hivi:

- Skilling, mchoro wa mraba: 1851–63. Ama haikutobolewa, ama ina mikato (mipasuko mifupi badala ya matundu).
- Skilling, mchoro wa mstatili, rangi moja: toleo la 1864 na miaka iliyofuata. 13, au 12½.
- Skilling, mstatili, rangi mbili: kuanzia 1870. 14 × 13½, au 12½.
- Øre, karne ya 19 na mwanzo wa ya 20: 14 × 13½, au 12¾.

Chunguza orodha hiyo vizuri. Tofauti kati ya 12½ na 12¾ ndiyo inayowatoa jasho watu wanapopima, kwa kuwa ni robo ya tundu tu ndani ya sentimita mbili. Lakini 12½ ni ya enzi ya skilling na 12¾ ni ya enzi ya øre. Sarafu imeshakujibu kabla hujagusa kipimio.

Hatua ya 2: Ukingo una nini?

Matoleo ya 1851 hadi 1858 hayakutobolewa. Karani wa posta alizikata kwa mkasi. Thamani yake leo inakwenda na upana wa ukingo mweupe kuzunguka mchoro. Mkasi ukiwa umegusa mchoro, bei inaporomoka.

Mwaka 1863 ikaja njia ya mikato: kisu chenye meno kinapasua karatasi kwa vipande vifupi bila kuondoa chochote. Hakuna tundu la duara, na ukiichana stempu unapata ukingo wenye manyoya manyoya ya karatasi. Kipimo chake ni 11. Stempu zilizotolewa hivyo ni mbili, skilling 4 ya hudhurungi na skilling 16 ya zambarau. Hapa tazama pembe nne za ndani, sehemu iliyo kati ya duara na fremu. Kwenye skilling 4 yenye mikato kuna mistari ya mawimbi, kama ilivyo kwenye toleo la 1858. Kwenye skilling 16 kuna nukta. Ukikuta skilling 4 ya nukta ina mikato, si ya toleo hilo. Labda kuna mtu aliyeikata kwa hiari yake, zamani au juzi.

Kuanzia 1864 ni matundu ya kweli: sindano zinatoboa, na vipande vya duara vya karatasi vinadondoka.

Hatua ya 3: Tazama pembe kabla ya kuhesabu

Hapa inabidi ujue mashine zilivyofanya kazi, maana zilikuwa za aina mbili.

Mashine ya mstari ina sindano zilizopangwa katika mstari mmoja mnyoofu. Inapiga safu moja ya matundu kuvuka karatasi nzima, inasogea, inapiga nyingine. Mistari ya ulalo ikiisha, karatasi inageuzwa na ya wima inapigwa. Hakuna kinachohakikisha kwamba mstari wa wima utakutana na wa ulalo juu ya tundu. Kwenye makutano, matundu mawili yanaweza kupandana na kuwa tundu moja kubwa lenye umbo la yai, au yakapishana na kuacha jino nene lisilo na sura. Pembe nne za stempu moja zinaweza kuwa na sura nne tofauti, na stempu nayo inaweza kuwa pana au nyembamba kidogo kuliko jirani yake.

Mashine ya kichana ina mstari mrefu wenye mistari mifupi iliyotoka upande mmoja, mithili ya meno ya kichana. Pigo moja linatoboa upande wa juu na pande mbili za kila stempu katika safu, kisha karatasi inasogea kwa urefu wa stempu moja. Kwenye kila pembe kuna tundu moja, safi, mahali pake. Stempu zote zinatoka na ukubwa ule ule.

Kwa stempu za Denmark, 12½ ni kazi ya mashine ya mstari. 14 × 13½ na 12¾ ni kazi ya kichana, na vilevile ile 13 ya toleo la 1864, ambayo baadhi ya katalogi huiandika 13 × 12½.

Maandishi hayo ya mwisho yanaonyesha kwa nini pembe ni muhimu. Kama stempu ya 1864 iliyopigwa kwa kichana nayo inakaribia 12½ ubavuni, ukipima upande wa wima peke yake unaweza kuipa jina lisilo lake. Chukua lenzi, utazame pembe zote nne. Zikiwa sawasawa, ni kichana. Zikiwa na vurugu, yaelekea ni mstari, sasa pima upande wa juu uhakikishe.

Pembe moja haitoshi kutoa hukumu. Pembe ya kichana inaweza kuchanika vibaya ikaonekana ya mstari, na mistari nayo hubahatika kukutana vizuri. Afadhali zaidi ukipata stempu mbili zilizoshikana, kwa sababu makutano yaliyo katikati yake hayajachanwa na mtu.

Hatua ya 4: Pima

Namba ya matundu ni idadi ya matundu ndani ya sentimita 2. Utaratibu huo ulianzishwa na Dkt. Legrand wa Paris mwaka 1866, na bado katalogi zote zinautumia. Namba mbili zikiandikwa, ya kwanza ni ya upande wa ulalo, juu na chini, ya pili ni ya pande za wima. Kwa hiyo 14 × 13½ ina maana matundu ya juu yamesongamana kidogo kuliko ya ubavuni.

Laza stempu juu ya kipimio. Lipange tundu la kwanza, kisha teleza polepole mpaka matundu yote, mwanzo hadi mwisho, yakae juu ya alama zake. Usiridhike na ya katikati; kosa hujificha kwenye ncha. Pima juu, kisha ubavuni, kisha rudi upime chini na ubavu wa pili.

Kama huna kipimio, rula inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Pima kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha tundu la kumi baada yake, yaani nafasi kumi kamili:

- 12½: milimita 16.0
- 12¾: milimita 15.7
- 13: milimita 15.4
- 13½: milimita 14.8
- 14: milimita 14.3

Kati ya 14 na 12¾ kuna karibu milimita moja na nusu, na hiyo inaonekana kwa macho makavu. Kati ya 12½ na 12¾ kuna theluthi moja ya milimita, na rula ya shuleni haiwezi kukusaidia. Mwenye skana ana njia bora: iweke kwenye nukta 1200 kwa inchi, fungua picha, na upime hizo nafasi kumi kwa pikseli. Utapata takriban 756 kwa 12½, 741 kwa 12¾, 727 kwa 13, 700 kwa 13½ na 675 kwa 14. Ilaze stempu sambamba na ukingo wa kioo. Ikikaa mshazari hesabu inapinda.

Ipo njia ya tatu, nami naipenda kuliko zote kwa kuchambua lundo la øre 8. Tafuta stempu moja uliyothibitisha kuwa 12¾ na uifanye rula yako. Kila inayofuata iweke juu yake, ukingo kwa ukingo, tundu la kwanza likiwa juu ya tundu la kwanza. Kama ni ndugu, meno yatakwenda pamoja mpaka mwisho. Kama ni 14 × 13½, yataanza kuachana mapema, na ukikaribia katikati ya upande wa juu jino litakuwa limekaa juu ya tundu. Baada ya stempu chache jicho linazoea, na lundo zima linagawanyika kabla chai haijapoa.

Jicho hilo hilo utalitumia kwenye stempu za nyumbani. Toleo la Mfalme George VI la Kenya, Uganda na Tanganyika, la 1938 hadi 1954, lilipitia mashine kadhaa za kutoboa, na wengi wamelihifadhi kwenye makopo bila kujua kwamba stempu zenye mchoro mmoja si za namba moja katika katalogi.

Hatua ya 5: Ukishapata 12¾, igeuze

14 × 13½ kwenye øre za rangi mbili inakuambia ni toleo lililoanza 1875. Baadhi ya bei hazihitaji hata kupimwa: øre 5 na øre 20 za rangi mbili zipo katika 14 × 13½ tu, kwa sababu mwaka 1882 nafasi yake ilichukuliwa na stempu za rangi moja zenye nembo ya simba watatu. Hizo za nembo nazo za mwanzo zina tarakimu ndogo pembeni, na zote ni 14 × 13½. Zenye tarakimu kubwa ndizo zilizovuka mpaka kuingia 12¾. Øre 24 ya 1901, pamoja na øre 1 na øre 15 za 1902, zilizaliwa baada ya mashine mpya kuingia, kwa hiyo ni 12¾ peke yake.

12¾ ilianza 1895, lakini mwaka 1902 taji lililo ndani ya karatasi kama alama ya maji (mchoro hafifu uliotiwa karatasi inapotengenezwa) likabadilishwa umbo, mashine ikabaki ile ile. Hapo matundu hayana la kusema tena, mpaka utazame alama ya maji. Ilaze stempu kifudifudi juu ya karatasi nyeusi, mwanga ukiingia kwa ubavu. Taji likigoma kuonekana, tone la benzini nyepesi ya viberiti vya kujaza litalileta; fanya hivyo dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali, wala usitumie petroli ya gari. Linganisha na michoro ya mataji iliyomo kwenye katalogi.

Ukiwa umeshaigeuza, tazama pia fremu. Stempu za rangi mbili zilichapwa mara mbili, fremu peke yake na katikati peke yake, na fremu mara nyingi ilichapwa juu chini. Mapambo ya pembeni yanakaribia kufanana pande zote, kwa hiyo wafanyakazi hawakuona. Kwa stempu za bei fulani iliyoandikwa fremu iliyopinduliwa ni ya kawaida, kwa nyingine ni adimu, na katalogi maalumu huzitenga. Hilo ni somo kubwa la peke yake. Leo angalia tu na uziweke kando.

Hatua ya 6: Shuku ukingo unaokufurahisha mno

Panapokuwa na tofauti ya bei kati ya kingo mbili, kuna mtu mwenye mkasi au sindano. Kwa jumla 12½ ya skilling za rangi mbili ni haba kuliko 14 × 13½, na skilling 16 yenye mikato inatafutwa sana. Mambo matatu ya kukagua:

Ukubwa. Anayetaka kuigeuza 14 × 13½ iwe 12½ lazima kwanza akate meno ya zamani, na hapo stempu inapungua. Ipime urefu na upana mzima pamoja na meno, ulinganishe na yenye ukingo usio na shaka. Kumbuka tu kwamba ya mstari huwa na ukubwa unaocheza kidogo. Kupungua kwa milimita nzima si mchezo.

Muhuri. Matundu yalipigwa kabla ya stempu kugongwa muhuri. Ukiona wino wa muhuri umekatwa katikati na ukingo mpya, hilo peke yake si kosa, kwa kuwa muhuri huendelea juu ya bahasha. Lakini kwenye tundu la kweli, wino mara nyingine huingia kwenye nyuzi za ukingo. Tundu lenye ukuta mweupe pe katikati ya muhuri mzito linahitaji lenzi.

Meno. Yaliyochanwa kwa mkono yana nyuzi nyuzi kwenye ncha. Yaliyokatwa upya huwa na ncha butu, zote za urefu mmoja.

Mikato ya 1863 ina hatari ya upande wa pili: ukiinyoa, unapata stempu isiyotobolewa inayofanana na ya 1858. Ndiyo maana skilling 4 ya mawimbi yenye ukingo mwembamba pande zote haifai kulipiwa bei ya ukingo mpana. Kwa stempu ya fedha nyingi, peleka kwa mtaalamu anayetoa cheti.

Ukivuka 1905

Julius Therchilsen alichora stempu ndogo za tarakimu zenye mistari ya mawimbi, zikatoka 1905 kwa 12¾ na karatasi ya taji. Baadaye mchoro huo ulihamia karatasi yenye misalaba midogo iliyotapakaa na matundu ya 14 × 14½. Angalia mpangilio: sasa ubavuni ndiko kwenye msongamano, kinyume cha 14 × 13½ ya zamani. Mfalme Christian X naye alianza 1913 na 14 × 14½.

Kisha mtego. Mwaka 1933 mawimbi yalianza kuchapwa kwa bamba la kuchonga, na matundu yakarudi 12¾. Kwa hiyo stempu ya mawimbi ya 12¾ yaweza kuwa ya 1905 au ya zaidi ya robo karne baadaye. Igeuze utafute taji. La kuchonga halina alama ya maji, na mistari yake unaihisi kidogo ukipitisha ncha ya kidole juu ya wino.

Stempu za Iceland na za visiwa vya Denmark vya Karibi, ambavyo Marekani ilivichukua mwaka 1917, unaweza kuzichambua kwa hatua hizi hizi, maana nazo zilichapwa Copenhagen. Skilling za Iceland za 1873 zipo katika 14 × 13½ na katika 12½, na 12¾ ya huko ilianza 1897. Ya visiwani ilitangulia kwa mwaka mmoja.

Ukimaliza, andika kwenye ukurasa wa albamu, kamwe si mgongoni mwa stempu: bei iliyoandikwa kwenye stempu, kipimo cha ulalo na cha wima ulivyokipata wewe, aina ya mashine kwa kuangalia pembe, na taji. Namba ya katalogi iandike mwisho, kwa penseli.